Kiasi cha Bunduki

Sedalia, Missouri. Novemba

Shemeji yangu aliinamisha ndoo, na maganda ya risasi yakamwagika juu ya meza ya gereji kwa mlio wa sarafu. Mengine yaling'aa, mengine yalikuwa yamepiga weusi shingoni kwa moshi. Akayatandaza kwa viganja kama mtu anayechambua mchele.

"Unaziona hizi, shemeji? Hizi ni pesa. Watu wanaziacha chini."

Yeye ni mtu wa Tanga kama mimi, amemwoa dada yangu, na kwa miaka kadhaa sasa anaendesha lori katikati ya Marekani. Kila Novemba, msimu wa kuwinda paa wenye mkia mweupe unapofunguliwa Missouri, huchukua bunduki yake ya .30-06 akaingia msituni na wenzake wawili wa kazini. Akipata mnyama, dada hujaza friza na hanunui nyama ya ng'ombe miezi kadhaa. Lakini risasi zimepanda bei, naye ameamua kujifunza kuyajaza upya maganda kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nimekuja kumwona dada. Nikajikuta nakaa gerejini siku nne, daftari mkononi, kwa sababu aliponieleza hesabu yake sikuridhika nayo, nikataka kuifuata hatua kwa hatua.

Alikuwa amefika mahali panapostahili. Wapenzi wa muziki wanaijua Sedalia kwa ajili ya Scott Joplin, aliyepiga piano hapa mwishoni mwa karne ya 19. Wapiga shabaha wanaijua kwa viwanda viwili: Sierra, kilichohamia hapa kutoka California mwaka 1990, hutengeneza vichwa vya risasi, na Starline hutengeneza maganda. Ukielekea magharibi, karibu kabisa na Kansas City, kuna mji wa Independence wenye kiwanda cha jeshi cha Lake City, kilichoanzishwa 1941. Ndani ya ndoo ya shemeji niliokota maganda mengi yenye herufi LC kwenye kitako. Mengi hayakuwa ya bunduki yake. Aliyazoa yote uwanjani, lenye kazi na lisilo na kazi, na siku ya kwanza iliishia kwenye kuyachambua.

Hapa nieleze majina, maana Kiswahili kinatupa neno moja, risasi, na neno hilohilo ni jina la ile metali nzito na laini. Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya manjano. Kuna fataki, kile kikombe kidogo kitakoni kinachotoa cheche kikigongwa. Kuna baruti ndani ya ganda. Na mbele kuna kichwa, ambacho ndicho kinachosafiri. Bunduki ikilia, fataki imekufa, baruti imeungua, kichwa kimekwenda zake. Ganda linabaki, limetanuka kidogo na kuchafuka, lakini zima. Kazi yote ya kujaza upya imesimama juu ya hilo.

Kamusi za zamani za pwani zina jina jingine la risasi kamili: kiasi cha bunduki. Nimefanya kazi ya ukutubi zaidi ya miaka ishirini na neno hilo nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kulitilia maanani. Katika gereji ile ndipo nilipolielewa, nilipomwona mtu akimimina unga wa rangi ya kijivu juu ya mizani na kusubiri kijiti kitulie kabla hajapumua.

Sasa hesabu yenyewe, kama nilivyoiandika dukani tukiwa pamoja. Boksi la risasi 20 za kiwandani, dola 36, yaani dola 1 na senti 80 kila moja. Vichwa 100 kwa dola 40: senti 40 kimoja. Fataki 1,000 kwa dola 90: senti 9. Ratili moja ya baruti, dola 48. Baruti hii hupimwa kwa greni, kipimo kilichoanzia kwenye uzito wa punje ya nafaka, na ratili ina greni 7,000. Bunduki kama ya shemeji hula greni hamsini na kitu kwa mlio mmoja, kwa hiyo ratili hutoa risasi kama 125, na baruti ya kila moja ni senti 38. Jumla senti 87. Anaokoa senti 93 kila anapovuta kifyatulio, na macho yake yalikuwa yanametameta aliponiambia hivyo.

Nikamuuliza bei ya ganda jipya. Dola moja. Kwa hiyo asiyekuwa na ganda la zamani atalipa dola 1 na senti 87, zaidi ya bei ya dukani, na kazi ameifanya mwenyewe.

Kisha nikamuuliza bei ya vifaa. Presi, kalibu za kulirudisha ganda kwenye umbo lake, mizani, kalipa, kifaa cha kupunguza shingo, kitabu cha vipimo, na vikorokoro vingine: dola 450. Nikagawanya kwa senti 93, ikaja risasi 484. "Kwa mwaka unapiga ngapi, shemeji?" Akafikiri. Maboksi mawili. Moja la kusawazisha darubini kabla ya msimu, moja la msimu wenyewe, na lile la pili halimaliziki. Risasi 40 kwa mwaka. Vifaa vitajilipa baada ya miaka 12.

Alinyamaza. Dada yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hakusema neno, akaingia ndani.

Nimeiandika hesabu hii kwa ukamilifu kwa sababu kila anayeanza huambiwa kwamba ataokoa nusu ya bei, na ni kweli, lakini nusu ya kitu gani? Mtu anayepiga shabaha kila Jumamosi, risasi mia kwa wiki, huzirudisha dola 450 kabla ya wiki ya tano kwisha. Mwindaji wa maboksi mawili husubiri mpaka mtoto aliyeko shule ya msingi aingie chuo kikuu. Anayetaka kuanza na aandike kwanza idadi ya risasi anazopiga kwa mwaka, idadi ya kweli, kabla ya kuangalia bei ya presi.

Njia ya bei ndogo ipo. Mwaka 1958 Richard Lee, katika karakana ya nyumbani kwake Wisconsin, alibuni seti ndogo ya kujaza risasi kwa mkono, isiyohitaji presi. Mzee jirani wa shemeji, ambaye ndiye mwalimu wake, anayo seti ya namna hiyo tangu ujana wake, imekaa katika kisanduku kinachoenea mfukoni. Inakaza shingo ya ganda peke yake, kwa hiyo ganda lazima liwe limepigwa na bunduki hiyohiyo, na kila hatua ni kugonga kwa nyundo. Ni ya polepole. Lakini bei yake haifiki maboksi mawili ya risasi, na kwa mtu wa risasi 40 kwa mwaka mimi naona ndiyo yenye akili. Shemeji alikuwa keshanunua presi.

Mzee huyo alikuja siku ya pili asubuhi, kofia kichwani, miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukinga macho. Jambo la kwanza aliondoa kila kitu mezani isipokuwa chupa moja ya baruti. Moja tu, alisema. Nyingine hukaa kabatini, katika chupa zake zilezile za kiwandani, kwa sababu baruti mbili zinafanana kwa macho na hazifanani hata kidogo katika kuungua. Ya bastola, inayoungua upesi, ikiingizwa katika ganda la raifo kwa kipimo cha raifo hupasua chemba mbele ya uso wa mpigaji. Jambo la pili alifungua kitabu. Nilifurahi kumwona mtu akianzia kwenye kitabu. Kila kiwanda cha baruti na cha vichwa hutoa vipimo vilivyojaribiwa kwa mitambo ya kupima mgandamizo, na kanuni yake ni kuanza na kipimo cha chini kilichoandikwa na kupanda kidogo kidogo, huku ukisoma dalili: fataki iliyobapa, bolti inayokataa kunyanyuka, alama ya kung'aa kitakoni. Kipimo cha kuambiwa na rafiki hakitumiki, hata rafiki awe mwindaji wa miaka arobaini.

Tukachambua maganda mara ya pili. Hapa nilijifunza jambo lililonigusa kwa sababu ya kwetu. Kuna fataki za namna mbili. Moja ilibuniwa na Boxer, afisa Mwingereza, nyingine na Berdan, afisa Mmarekani, wote katika karne ya 19. Na ikatokea kwamba Wamarekani wakachukua ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya na Urusi yakachukua ya Mmarekani. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na sindano ya kalibu huisukuma fataki iliyokufa ikatoka bila shida. La Berdan lina matundu mawili madogo pembeni, na sindano haina pa kupita. Risasi nyingi za kijeshi zenye asili ya Urusi na China ni za Berdan, tena ganda lake ni la chuma kilichopakwa rangi. Sumaku hulinasa. Hilo likishalia limekwisha, ni chuma chakavu. Risasi za aina hiyo ndizo zilizozagaa sehemu nyingi za Afrika, kwa hiyo hata sheria isingekataza, akiba ya shemeji isingepatikana Kigoma wala Goma. Msingi wake ni shaba ya manjano, na tundu moja.

Kisha mzee akachukua waya wa kubania karatasi, akaunyoosha, akaupinda ncha kidogo, akauingiza ndani ya kila ganda na kupapasa karibu na kitako. Ganda likishajazwa mara nyingi hurefuka, na shaba ya kurefuka huko hutoka ukutani, karibu na chini, ambako huwa nyembamba kwa ndani kabla haijaonekana kwa nje. Ncha ya waya ikikwaruza kwenye bonde, ganda hutupwa. Kwa maganda 60 alitupa manne. Shemeji alitaka kuyaokoa mawili, akisema hayakuonekana na kasoro. Mzee hakubishana. Aliyabana shingo kwa koleo yasitumike tena.

Kazi ya kuyarudisha kwenye umbo tuliifanya kwa zamu. Ganda hupakwa mafuta maalumu, kidogo sana, likaingizwa kwenye kalibu kwa wenzo wa presi. La saba lilikuwa langu, na nililisahau mafuta. Wenzo ulikwenda ukakaza. Nikaukandamiza zaidi, kosa la pili, ganda likakwama ndani ya kalibu, na nilipovuta presi iling'oa ukingo wa kitako. Mzee alilitoboa ganda kitakoni, akalikata hesi ndani, akatia bolti na kulivuta taratibu, saa nzima ya kazi, na katika saa hiyo hakuna aliyejaza risasi. Niliomba radhi. Alinijibu kwamba chuma kikikataa mkono, mkono usimame, ujiulize. Nimeandika maneno hayo peke yake katika ukurasa mzima wa daftari.

Kosa la shemeji lilikuwa kubwa kuliko langu. Maganda yalikuwa yamesimama kwenye ubao wenye matundu, hamsini, kila moja na fataki mpya, naye anamimina baruti iliyopimwa moja baada ya moja. Simu ikaita, ni ofisi ya malori. Akaongea dakika mbili, akarudi. Alipomaliza, mzee akawasha tochi na kumulika ndani ya shingo za maganda, safu kwa safu. Safu ya nne, ganda la tatu: kiza. Halikuwa na baruti. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kikaingia mtutuni na kukwama hapo, na mpigaji akidhani risasi haikulipuka, akatia nyingine, mtutu hupasuka. Mzee akamwaga baruti ya maganda yote hamsini ikarudi chupani, na kazi ikaanza upya. Tangu dakika hiyo simu zote tatu zilikaa jikoni kwa dada.

Jioni ya siku ya nne tulikuwa na risasi 55 ndani ya boksi la plastiki, na karatasi iliyoandikwa tarehe, baruti, uzito, kichwa, urefu. Shemeji alikuwa akinawa mikono kwa sabuni mara mbili, kama alivyofundishwa, kwa sababu vumbi la risasi na la fataki halitakiwi kufika mezani pa chakula.

Nilimuuliza mzee ni nani aliyemfundisha yeye. Baba yake, alisema, aliyerudi kutoka vitani mwaka 1945. Baada ya vita serikali ya Marekani ilikuwa na baruti nyingi iliyobaki, na mtu wa Kansas, ng'ambo tu ya mpaka, Bruce Hodgdon, aliinunua akaanza kuwauzia wananchi. Familia za wakulima zilijaza risasi kwa sababu hazikuwa na fedha na zilikuwa na jioni ndefu. Hadi leo sheria ya Marekani inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake bila leseni; leseni huhitajika akitaka kuuza.

Lapua, Finland. Aprili

Nilikwenda Finland kwa mambo ya maktaba, na maktaba ya mji wa Lapua iko ndani ya kiwanda cha zamani cha risasi. Nilikuwa sijui hivyo nilipopanga safari. Kiwanda kilianza 1923, na watu wa mji walikiita Paukku, yaani mlio wa kishindo. Sasa majengo yake ya matofali mekundu ni kituo cha utamaduni: vitabu, makumbusho, watoto wanaojifunza muziki. Kampuni yenyewe, Lapua, ingali ikitengeneza risasi mjini humo, na maganda yake ndiyo yanayosifiwa na wapiga shabaha wa masafa. Mzee wa Sedalia aliyataja kwa heshima.

Theluji ilikuwa bado imelala kivulini mwa kuta. Mkutubi mwenzangu alinipeleka kwenye mnara wa kumbukumbu bila kunieleza kwanza, akaniacha nisome miaka. Asubuhi ya tarehe 13 Aprili 1976 sehemu ya kiwanda ya kujazia risasi ililipuka. Walikufa watu 40, na 35 kati yao walikuwa wanawake. Mji ni mdogo. Hakuna mtaa ambao haukuzika.

Nilisimama pale nikaiwaza mikono ya wale wanawake, ambayo sikuiona, ikifanya kwa maelfu kile tulichokifanya kwa maganda 55: kupima, kumimina, kufunga. Yule mzee alipoondoa chupa zote mezani akaacha moja, nilidhani ni tabia ya uzee. Hapa nilijua chanzo cha adabu hiyo. Unga ule umeshaua watu waliokuwa wanaufahamu, wazoefu, katika jengo lililojengwa kwa ajili yake.

Mume wa mkutubi huyo ni mwindaji. Kila vuli wanaume na wanawake wa kijiji chao huwinda hirvi, mnyama mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama makasia. Kabla ya kuruhusiwa lazima mtu afaulu mtihani wa shabaha: risasi nne kutoka mita 75, ndani ya sekunde 90, zote ndani ya duara la sentimita 23. Cheti hudumu miaka mitatu. Kwa hiyo wanafanya mazoezi, na mazoezi yanakula risasi, na risasi ya kuwindia huko ilikuwa zaidi ya yuro 3 nilipoiona dukani. Yeye hujaza katika chumba cha chini ya nyumba, pasafi kama zahanati. Alinionyesha kasha la maganda mia moja. Juu ya kifuniko amechora vijiti vya penseli, kimoja kwa kila mara alipolijaza kasha zima. Nilihesabu vijiti tisa.

Shaba ikipigwa na kubanwa mara kwa mara huwa ngumu, na shingo hupasuka. Baada ya kila mizunguko michache yeye hupitisha shingo za maganda kwenye moto wa gesi kwa sekunde chache, shingo peke yake, kamwe si kitako, na shaba hulainika tena. Kasha lile lilimgharimu zaidi ya yuro mia moja. Ukigawa kwa mia na kwa tisa, kila mlio umekula senti kumi na kitu za ganda. Shemeji anaokota ya bure yanayokufa mapema, huyu ananunua ya ghali yanayoishi. Nikipima kwa miaka, wa Lapua ameshinda. Ila ameshinda kwa sababu ganda lake halijawahi kuingia katika bunduki nyingine. Analijua.

Manza, kaskazini ya Tanga. Julai

Nimerudi nyumbani na nimekuja Manza kwa bodaboda kutoka barabara ya Horohoro, kutazama maji tu. Ghuba ni tulivu, mikoko pande mbili. Hapa ndipo ilipoanzia kwetu kazi kama ile ya gereji ya Sedalia, na kwa sababu isiyohusiana na dola.

Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya Wajerumani iliingia katika ghuba hii ikikimbizwa. Jina lake Rubens, meli ya Waingereza iliyokamatwa Ujerumani vita vilipoanza, ikapakwa sura ya meli ya Denmark na kupewa nahodha Carl Christiansen. Ilibeba makaa kwa ajili ya manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha delta ya Rufiji, na silaha kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika koloni lao hapa. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaifikia na kuipiga mizinga. Christiansen aliizamisha kwenye maji mafupi, moto ukawaka juu yake, na Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Sehemu kubwa ya shehena ilikuwa chini ya maji, nzima.

Wapiga mbizi waliitoa. Lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na kadiri siku zilivyopita ndivyo nyingi zilivyozidi kukataa kulia. Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi walivyolazimika kuzifungua, kuisafisha baruti, kubadilisha baadhi ya fataki na kuzifunga tena. Fikiria kazi hiyo: risasi baada ya risasi, katika joto la nchi hii. Koloni lilikuwa limezingirwa baharini na hakuna duka. Risasi ambazo hazikulia zilirudi mkononi kwa mtu, akazifanya zilie, na vita viliendelea Afrika Mashariki mpaka Novemba 1918, na waliovilipa zaidi walikuwa wapagazi na wakulima ambao hawakuwa na bunduki.

Nimeandika juu ya akiba katika kurasa zilizotangulia, na hii nayo ilikuwa akiba. Sikuweza kuipitia ghuba hii bila kuiingiza katika daftari hilohilo.

Mtu wa Tanga akisikia neno baruti hafikirii uwindaji. Anafikiria bahari: uvuvi wa baruti, chupa inayorushwa juu ya kundi la samaki, tumbawe linalogeuka kifusi. Mtaani kwetu alikuwepo mvuvi aliyefunga kanzu yake kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, kwa kuwa mitatu ilikwenda na chupa iliyolipuka kabla hajairusha. Tulipokuwa watoto aliturekebishia tiara zetu, na tulijifunza kutokuuliza. Kwa hiyo siilaumu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, isiyomruhusu mwananchi kutengeneza risasi bila leseni. Mwenye bunduki halali hapa hununua kwa kibali, na ganda lake likishalia halina safari ya pili.

Lakini babu yangu mzaa mama, kule Handeni, alikuwa na gobore la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe. Bunduki ya kushindilia haina ganda. Kila mlio huanza upya: baruti mtutuni, kitambaa, vipande vya risasi, ufito wa kushindilia, na fataki mwisho kabisa, akiwa tayari ameuelekeza mtutu porini. Alipima baruti kwa pembe ndogo ya mbuzi iliyokatwa kwa urefu aliourithi kwa baba yake. Nilimwona akiijaza, akiisawazisha kwa kidole gumba, kisha akiinua macho kuangalia kuna nani karibu kabla ya kumimina. Pembe hiyo iko kwa mjomba. Gobore lilisalimishwa serikalini.

Nilimtumia shemeji picha ya ghuba na maelezo ya Rubens. Jibu lake limeingia nikiwa bado juu ya jiwe, miguu majini. Tangu Novemba amekuwa akienda uwanja wa shabaha na yule mzee, Jumamosi mbili kwa mwezi. Msimu ulipita na paa hakumpata. Amejaza risasi 120, amepiga zote isipokuwa kumi, ametupa maganda tisa. "Bado 364 presi ijilipe," ameandika, na chini yake picha: kiganja chake, na juu ya kiganja ganda moja lenye duara jembamba linalong'aa karibu na kitako. Waya ulikwaruza, anasema. Ametupa hilo, na mengine yote yaliyotoka boksi moja nalo.